Barua kwa mwanangu: historia ya bibi yako iandike hivi

Mwanangu mpendwa,

Pole sana mama kwa kuondokewa na bibi. Najua mlivyopendana, na huko Dar uko peke yako, ndo mana nakuandikia badala ya kukupigia, kwenye simu tungelia tu wote wawili.

Kikao cha jana usiku kimekupangia wewe mjukuu mkubwa kuandika na kusoma historia ya marehemu kanisani. Baba yako ndo alitaja jina lako na ukoo wote ukakubali. Utasema mama mi siwezi nitalia. Utalia na hamna shida, unanyamaza kidogo, unafuta machozi, unaendelea, watu watakusubiri.

Ila kuna jambo tuelewane kabla hujaanza. Misiba ya siku hizi historia ya marehemu inakimbizwa, alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto, akaanza kuugua mpaka mauti yalipomfika, bas. Alafu nusu nzima iliyobaki ni vyeo vya watoto, huyu injinia, huyu mkurugenzi, huyu yuko Marekani. Nakaa pale kwenye benchi najiuliza sasa marehemu mwenyewe yuko wapi? Bibi yako hakuwa na cheo chochote lakini alifanya kazi maisha yake yote, na hiyo kazi ndo nataka isikike mbele ya mchungaji na majirani, mana majirani walimwona kwa macho yao, ukisoma vya juu juu watajua.

Tarehe usikisie. Baba yako amepita ofisi ya usharika wakamfungulia kile kitabu kikubwa cha ubatizo, bibi kabatizwa 1937 akiwa mchanga, hiyo ndo ya kuaminika, ile ya kwenye kitambulisho waliandika tu 1 Januari kama walivyowaandikia wazee wengi. Na usiandike alipata kipaimara KKKT, wazee watakusahihisha hapohapo. KKKT imekuja 1963 yale makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana, na bibi wakati huo ameshaolewa ana watoto.

Sasa kazi. Watu watasema babu alikuwa mkulima wa kahawa, na ni kweli, jina kwenye chama cha msingi lilikuwa la babu na hela ya KNCU, kile chama kikuu cha ushirika wa kahawa, alipokea babu. Lakini kahawa ilipita mikononi mwa nani? Bibi alichuma zile nyekundu tu, jioni ileile zinamenywa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono mana zikilala zinaharibika, zinalowekwa, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kichanja, na wingu likitanda anakimbia kuzifunika huku kabeba mtoto mgongoni. Na ada ya shule haikutosha kwenye kahawa. Ilitoka kwenye ndizi, mana ndizi ndo ilikuwa ya akina mama, anashuka sokoni na mkungu kichwani na kurudi anapitia majani ya ng'ombe. Baba yako amesoma kwa ndizi. Iandike hivohivo, mwenyewe kasema isomwe.

Na mimi uniweke, kama mkwe. Nilipokuzaa wewe alinipikia mtori kila asubuhi, anauleta chumbani mwenyewe kwenye bakuli lake lile la bluu, anakaa pembeni ya kitanda mpaka nimalize, ndo anakuchukua wewe anatoka na wewe juani ili mimi nilale. Mama yangu mzazi alikuwa mbali na sikupungukiwa kitu.

Watoto andika saba. Kwenye karatasi ya shangazi yako utakuta sita, mana yule wa tatu alifariki mdogo sana kwa surua, hana hata picha. Lakini bibi akiulizwa una watoto wangapi alijibu saba, siku zote, hata kwa daktari. Kaburi la huyo mtoto ni pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, nyuma ya nyumba penye ile mimea ya masale, bibi akilima alikuwa anapazunguka, jembe halifiki. Yeye mwenyewe aliomba azikwe hapo pembeni na ndo wanapochimba saivi. Sisi tunaamini ufufuo mwanangu, hatuusemi tu, kwa hiyo huyo mtoto atajwe na yeye kwa jina lake la ubatizo, kitabuni limo, baba yako atakutumia.

Kuna lile la mpaka na jirani wa juu, ulikuwa mdogo. Bibi ndo alikosewa, na bado ni yeye aliyekata sale, lile jani la kuombea msamaha, akapanda nalo mpaka kwa yule mzee kuomba yaishe, na yakaisha. Ugomvi usiutaje, sema tu siku moja bibi alibeba sale, watu wa huku wataelewa. Vijana wa yule mzee ndo wanaochimba kaburi.

Utasoma baada ya tarumbeta. Zile alizipenda mno, tumezirithi kwa Walutheri wa Ujerumani, wamisionari wa Leipzig walifika huku Kilimanjaro 1893, na bibi alitaka azindikizwe nazo mpaka kaburini, usharika umeshakubali. Baada yako ndo salamu, na watoa salamu ni wengi, wakikuambia ufupishe usikubali, wafupishe wao, hiyo ni siku ya bibi.

Ukimaliza nitumie WhatsApp kabla ya kesho saa kumi jioni mana anko anapeleka ratiba kuprinti mjini, na shangazi ayapitie majina ya wakwe na vitukuu asisahaulike mtu. Panda basi la asubuhi ufike kabla ya giza. Kitenge cha sare nimeshakushonea kwa vipimo vya Krismasi, kama umepungua tutabana hukuhuku. Beba sweta, baridi ni kali.

Mama yako