Fremu zimetosha, sasa tujenge vyumba vya watu kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wetu wa dini hapa Moshi, wa makanisa na wa misikiti, kuhusu kodi za nyumba.

Mimi ni fundi mwashi, na kanisani ni mzee wa kanisa upande wa diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, kwa hiyo wenye shida ya pa kukaa hunijia mapema. Masika haya alikuja mama mmoja anayeuza dagaa na nyanya soko la Mbuyuni. Mwenye nyumba alikuwa amemtolea vyombo nje. Stoo ya viti vya plastiki ndiyo tuliyomfungulia, akaweka godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo mbili, jiko la mkaa na mabegi ya shule ya wanawe. Yeye na watoto wakaenda kujibanza sakafuni kwa shoga yake kule Njoro. Mtu kama huyu huwezi kumkuta amelala kwenye baraza za maduka karibu na stendi, ndiyo maana hakuna anayemhesabu kuwa hana makazi. Lakini hana.

Tazama hesabu yake. Chumba alichopata Pasua, futi kumi kwa kumi, choo cha kuchangia, ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Hiyo anaiweza, tena angekuwa radhi kuilipa hata kila wiki. Ila mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 240,000, na dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla 280,000 kwa mkupuo, kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko kwenye beseni la dagaa! Tulimlipia kwa sadaka ya diakonia na fedha za mnada baada ya ibada, Jumapili ambayo mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa mezani, ukanunuliwa tena na tena. Washarika walitoa kwa moyo na Mungu awabariki. Hata hivyo miezi sita ikiisha mama yuleyule atadaiwa mkupuo uleule, na nyuma yake wapo wengine wanaosubiri.

Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1984, na mpangaji aliyeonewa alikuwa na baraza la nyumba la kukimbilia. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo tunaambiwa mpangaji na mwenye nyumba wapatane wenyewe. Mama mwenye vyombo nje na mvua inanyesha atapatana nini? Viongozi wa dini huitwa kwenye vikao vya amani na serikali ya mkoa, hasa uchaguzi unapokaribia, na wakisema husikilizwa. Nawasihi suala la kodi ya miezi sita walibebe huko, kisha walifikishe kwa wabunge wetu, ipatikane sheria inayokataza kudai zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Watoto kulala sakafuni kwa watu ni suala la amani pia.

Lakini tutawaambia nini wabunge ikiwa viwanja vyetu wenyewe tunavitumia vile tunavyovitumia? Taasisi za dini zina ardhi katikati ya mji, na kila likipatikana eneo kando ya barabara tunajenga fremu za maduka. Nimezijenga kwa mikono yangu, na sikatai kwamba mapato yake yanasaidia kulipa watumishi. Ila pita jioni uone nyingine zilivyokaa zimefungwa miezi na miezi, mlangoni pamebandikwa karatasi ya kutafuta mpangaji. Fundi yeyote atakuambia fremu na chumba ni kazi moja: msingi uleule, tofali zilezile za inchi sita, bati lilelile. Nyuma ya safu ya fremu mara nyingi hubaki eneo linalotosha safu ya vyumba, vyoo viwili na bomba la maji. Wapangaji walipe mwezi kwa mwezi kwa mhasibu wa usharika, dalali asiwepo kabisa.

Nitaambiwa kiwanja ni cha ibada. Mbona fremu zimejengwa? Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake halmashauri, tuufuate. Kule California, Marekani, mwaka 2023 ilisainiwa sheria inayoyarahisishia makanisa na taasisi nyingine za dini kujenga nyumba za gharama nafuu kwenye ardhi yao. Halmashauri yetu nayo inaweza kuombwa irahisishe, mradi tuiombe kwa pamoja.

Wala tusiseme kujenga si kazi ya kanisa. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema lililoundwa na makanisa. Na Msamaria mwenyewe, tukisoma Luka sura ya 10, hakuishia kufunga majeraha. Alimpeleka yule mtu nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Ndugu zetu Waislamu wana wakfu, mali inayotolewa isiuzwe ili iwafae watu vizazi na vizazi, na katika mafungu manane ya wanaostahili zaka yumo msafiri aliyekwama njiani. Vyumba vya wakfu kwa wajane vingefaa sana Njoro, Pasua na Majengo.

Mimi na mafundi wenzangu kadhaa wa Pasua tumekubaliana. Usharika, parokia au msikiti wowote hapa Moshi utakaotenga eneo la vyumba vya kulipia mwezi kwa mwezi, tutachimba msingi na kupandisha kozi tatu za kwanza za tofali bila ujira. Tunachoomba ni saruji, mchanga, kokoto na maji viwe tayari saiti.

Mzee wa Kanisa na Fundi Mwashi,
Pasua, Moshi