Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: ombi hukwama masjala

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na karibuni Amu, mji wetu wa Lamu. Nawaona wa Faza na Kizingitini waliowahi boti ya asubuhi, na wa Mpeketoni na Witu waliovuka kutoka Mokowe. Hesabu atazisoma mhazini, na mambo ya usajili ni ya katibu, kwa hiyo hayo siyagusi. Nitasema juu ya kazi yenyewe: kumshughulikia mwananchi aliyekuja kuomba aone kilichoandikwa kwenye faili tunazozitunza.

Malalamiko mliyoniletea mwaka huu karibu yote yalihusu muda. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 za kulijibu ombi tangu alipolipokea. Kama habari inayoombwa inagusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Akiwa na karatasi nyingi za kupekua, au akilazimika kushauriana na wengine, anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Akinyamaza hadi muda ukapita, amehesabiwa kuwa amekataa, na mwombaji yuko huru kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile tuliyozoea kuiita Ombudsman. Wengi wenu mnasema muda huu hautoshi. Mimi siafiki. Kuamua kutoa au kutotoa, kwa mtu mwenye uzoefu na faili mkononi, ni kazi ya asubuhi moja. Siku zetu zinaishia stoo, tukiitafuta faili ambayo haimo kwenye orodha yoyote.

Na sababu tunaijua. Baraza la kaunti la zamani lilipoondoka mwaka 2013 na serikali ya kaunti kuingia, karatasi za miaka na miaka zilirithiwa kwa haraka. Ziko zilizofungwa kwa kamba, zikapakiwa juu ya punda, zikavushwa ng'ambo bila mtu kuandika nini kimeondoka na nini kimebaki. Sitataja ofisi. Ongeza hewa yetu ya chumvi, pini zilizoshika kutu na kula karatasi, na mchwa, ambaye hajali faili ni ya siri au ni ya wazi.

Chukueni ombi la aina tunayoipata sana. Bibi mmoja anatoka Pate, anataka barua za shamba la babu yake. Hajui nambari ya faili, hajui mwaka. Anajua jina la babu na mnazi uliokuwa mpakani. Kwa pwani yetu karatasi kama hizo si mchezo. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, aliyekuwa na madai ya ardhi alitakiwa kuyawasilisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kikoloni. Kwa hiyo karatasi moja ya zamani inaweza kuwa ndiyo kesi nzima.

Afisa anayeijua kazi hamuulizi bibi huyu anaitakia nini. Sheria inasema haki yake haiathiriwi na sababu aliyonayo, wala na sababu ambayo sisi tunamdhania. Anamuuliza yatakayomsaidia kutafuta: kijiji, majina ya majirani, nani alikuwa mudiri, yaani mtawala wa eneo, enzi hizo. Kama hajui kuandika, afisa ndiye anayeandika ombi, kisha anampa nakala yake. Hilo la nakala tunalisahau mno, na bila nakala bibi hana cha kuonyesha siku 21 zilianza lini. Ombi laweza kuwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuliwasilisha hakulipiwi chochote. Malipo ni ya gharama ya kutoa nakala tu. Nasikia kuna meza inayodai "ya fomu". Ikome.

Faili ikipatikana, isomwe ukurasa kwa ukurasa. Ndani yake mna ugonjwa wa mtu, talaka ya mtu, deni la mtu ambaye wajukuu wake tunaswali nao msikiti mmoja. Tunaziba jina au mstari unaostahili kuzibwa, tunatoa yaliyobaki, na tunaandika kwa nini tumeziba. Kukunja faili nzima na kusema "ni siri" kwa sababu ya mstari mmoja ni uvivu uliovaa kanzu ya sheria. Tukumbuke pia kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 inachukuliwa kuwa haina kizuizi, mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Mzigo huo ni wetu. Na ikiwa faili iko kwa ofisi nyingine, mathalani Tume ya Taifa ya Ardhi au Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Nairobi, tuna siku tano za kulipeleka ombi huko. Kumwambia mtu wa Pate "nenda Nairobi" hakutoshi.

Jibu linaloniudhi kuliko yote ni "hakuna faili". Wakati mwingine ni kweli. Lakini aliyeandika hivyo aeleze alitafuta wapi, rejista gani alifungua, na nani alimsaidia. Wakenya tunalijua jibu hilo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeyahamisha mafaili ya utawala wake hapa kabla ya uhuru, ikayaweka Hanslope Park, kituo chake kule Uingereza, na kuwepo kwake kukadhihirika mwaka 2011 kupitia kesi ya wazee wa Mau Mau walioishtaki kwa mateso ya enzi za ukoloni. Kuanzia 2012 yalifunguliwa kwa umma kwenye hifadhi ya taifa yao, Kew. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228. Kwa nusu karne mafaili yalikuwa kwenye rafu.

Na hapa kwetu, Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya Lamu mwaka 2018, iliona kwamba pamoja na mengine haki ya kupata habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba ilikuwa imevunjwa. Wakati ule fidia iliyoamriwa ilikuwa shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Nikisikia mkubwa wa ofisi anasema masjala ni idara isiyo na bajeti, humkumbusha tarakimu hiyo.

Kamati inaleta mapendekezo mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, kila mwanachama afungue rejista ya maombi yenye tarehe ya kupokea, tarehe ya kujibu na sababu ya kila kilichozibwa. La pili, kabla ya pepo za kusi kuingia, tusaidiane kwa zamu kuorodhesha stoo, tukianza na ofisi za Mokowe. Fedha za bahasha na maboksi zimo kwenye makadirio atakayosoma mhazini.

Nafasi ya makamu wa mwenyekiti iko wazi. Fomu za kugombea ziko kwa katibu, zirudishwe kabla ya adhuhuri.