Kabla ya kutega waya, tazameni jani

Ndugu Mhariri,

Kila msimu, mashamba yanayopakana na misitu ya Rungwe, Uporoto na Udzungwa yakiliwa, lawama humwangukia pongo, swala wa vichakani, na tanzi za waya hutegwa, bila mtu kuinama akatazama jani. Mlaji aweza kuwa kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na nchini kwetu mwaka uliofuata.

Pongo, kama wanyama wengine wanaocheua, hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Hubana jani kwenye ufizi mgumu na kulivuta, hivyo jani hubaki limechanika, lina nyuzinyuzi. Chini huacha nyayo za kwato mbili na kinyesi cha vigololi.

Kiwavi hutoboa. Nondo, mdudu arukaye anayezaa kiwavi huyo, hutaga fungu la mayai 100 hadi 200 lililofunikwa vinyoya vya kijivu. Viwavi wachanga hukwangua jani upande mmoja na kuacha utando unaopitisha mwanga. Wakikua hujichimbia kwenye moyo wa mmea wa mahindi, yaani majani machanga yaliyojikunja katikati, na kuujaza kinyesi kama unga wa msumeno. Ufungue moyo huo: ukiona kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyojipanga mraba karibu na mkia, ndiye huyo.

Dawa ipulizwe jioni au alfajiri, bomba likielekezwa ndani ya moyo, kiwavi akiwa hajafika sentimita moja. Wengi hupuliza mchana juu ya majani, kiwavi ameshanenepa na kinyesi chake kimeziba njia, kisha dawa inaitwa feki. Kagua sehemu 5 za shamba, mimea 20 kila sehemu, kila wiki. Kwenye baridi ya Uporoto kiwavi hukua polepole kuliko bonde la Usangu, kwa hiyo ukaguzi usikatishwe mapema.

Waya nao hauchagui. Humo misituni yumo minde, mnyama mweusi wa jamii ya funo mwenye kishungi chekundu kwenye paji la uso. Hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, na yuko hatarini kutoweka. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi. Nondo mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani mwake. Inauma kuona minde ananing'inia kwenye tanzi huku nondo wakiendelea kutaga shambani.

Kama ni pongo kweli, zibeni upande wa msitu kwa matawi ya miiba na maharage yapandwe mbali na kichaka. Tunaomba maafisa ugani na askari wa wanyamapori wapite mashambani pamoja, mahindi yakiwa bado machanga.

Wadau wa kilimo na uhifadhi,
Tukuyu, Mbeya