Swahiba, "zorota" usiibebeshe kazi zote

Swahiba yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, na bibi anauliza lini utakuja. Kimya changu kisikutie wasiwasi. Barua yako ilifika, na kurasa za tafsiri yako ya ile ripoti ya maji na lishe vijijini nimezisoma zote, mara mbili. Kwa kuwa mchapaji anazisubiri, naingia moja kwa moja kwenye ulilouliza.

Umeuliza kama kuna ubaya wowote kuandika "kuzorota" kila ripoti inapotaja kitu kinachoharibika polepole. Upo, tena mkubwa. Katika sura ya pili peke yake pampu zimezorota, watoto wamezorota, bei imezorota, kina cha maji kimezorota, na uhusiano wa kamati na wanakijiji nao umezorota. Msomaji ataelewa kwamba mambo ni mabaya, basi. Hatajua kilichopungua ni kipi, wala kimepunguaje.

Zorota hutaka kitu chenye mwenendo: huduma, afya, usalama, uchumi, uhusiano. Kiwe kilikuwa kinakwenda vizuri, na kushuka kwake kuwe kumechukua muda. Pampu ni chombo, haina mwenendo. Pampu huchakaa: mipira ya ndani inalika, vyuma vinashika kutu, mpini unalegea. Kinachozorota ni huduma ya maji. Kwa hiyo andika, "Huduma ya maji imezorota kwa sababu pampu zimechakaa." Hapo kila kitenzi kimekaa mahali pake, na chanzo kinaonekana bila maelezo ya ziada. Kina cha maji nacho kimepungua, au kimeshuka. Ni kipimo, na kipimo hakizoroti.

Ukikwama, tafuta kinyume cha unachotaka kusema. Panapokubali "imeimarika", "imezorota" nayo itakubali. Panapodai "imeongezeka", wewe unahitaji "imepungua". Soko au biashara ikiwa ingeweza kuchangamka, basi sasa imedorora, na ndiyo maana wachumi wana "mdororo wa uchumi". Rangi iliyokuwa imekoza imefifia. Mahudhurio ya mikutano ndiyo yaliyonipa kazi, maana yanakubali pande zote mbili. Ukimaanisha idadi ya watu, yamepungua. Ukimaanisha watu wanakuja leo na kesho hawaonekani, wanachelewa, wanaondoka katikati, hapo yamezorota. Rudi kwenye jedwali la ripoti uone wanazungumzia lipi.

Chukua kanga moja uitazame. Siku ya kwanza unaifua, maji yanageuka mekundu: inachujuka, yaani rangi inatoka na maji. Miezi inapita, inaanikwa juani kila wiki, na yale maandishi ya jina yanakuwa hafifu hadi uyasogelee ndipo uyasome: yamefifia, na hakuna tone la rangi lililodondoka. Baadaye pale inapofungwa kiunoni nyuzi zinalegea, unaona mwanga ukipenya: imechakaa. Kitambaa ni kilekile, hasara ni tatu, na kila moja ina kitenzi chake. Ukisema "kanga imezorota" watu watakushangaa, na ripoti nzima imejaa kanga za namna hiyo.

Kuna na "kufubaa", ambayo sijaiona popote kwako. Ni kupoteza mng'ao au makali. Waliobuni jina "dawa za kufubaza virusi" vya UKIMWI walichagua vizuri sana, kwa sababu dawa hizo hazimalizi virusi mwilini, huvipunguza nguvu tu. Kitenzi kimoja kimebeba ukweli wa tiba nzima. Ndiyo maana nasema...

Hapana, nirudi kwa watoto, maana hapo ndipo kosa linapouma. "Watoto wamezorota" haifai hata kidogo. Ripoti ya lishe ina mambo mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Udumavu ni kimo kidogo kulinganisha na umri, na ukondefu ni uzito mdogo kulinganisha na kimo. Aliyedumaa amekosa kukua inavyotakiwa kwa muda mrefu, na kurudisha kimo hicho ni kazi ngumu. Aliyekonda huenda amepungua uzito ndani ya wiki chache, na anahitaji kuhudumiwa upesi. Ukiwaweka wote kwenye "wamezorota", mtu wa zahanati atakayeisoma hatajua aanze na nani. Tena kudumaa na kuvia si kushuka. Ni kutofika. Zorota yenyewe inadai kwamba palikuwa na hali nzuri kabla.

Bei ya mazao umeandika "ilizorota ghafla". Maneno hayo hayakai pamoja. Kilichoanguka kwa wiki moja kimeporomoka. Nawe usiende upande wa pili ukaandika "imezorota taratibu", kwa kuwa utaratibu huo umo tayari ndani ya kitenzi. "Inazidi kuzorota" ni sawa, ila "zidi" humwambia msomaji kwamba hali ilikuwa imeshaharibika tangu mwanzo. Kama kurasa za nyuma hazikusema hivyo, iondoe. Angalia na nyakati. "Uhusiano ulizorota 2019" inaacha swali kama ulitengemaa baadaye. "Umekuwa ukizorota tangu 2019" inalifunga.

Upatanisho nao umekuponyoka mara kadhaa. Umeandika "Kuzorota kwa huduma imesababisha". Kinachotawala sentensi ni "kuzorota", siyo "huduma", kwa hiyo ni "kumesababisha". Vivyo hivyo "kuzorota huku", "kuzorota kulikoanza". Sikio linadanganywa na nomino iliyo karibu, hasa sentensi ikiwa ndefu.

La mwisho katika sarufi, na nalipa uzito: zorota humficha mtendaji. "Huduma zilizorota" inasikika kama mvua, imekuja yenyewe. Ripoti ya asili inasema wazi kwamba fedha za matengenezo zilisitishwa. Basi sema, "Kusitishwa kwa fedha za matengenezo kulizorotesha huduma." Umeliacha hilo mara tatu. Najua hukukusudia, lakini wanakijiji wakisoma watadhani wao ndio walioziharibu pampu zao.

Ule uhusiano wa kamati na wanakijiji usiuguse. Pale "umezorota" imekaa barabara: walikuwa wakielewana, vikao vikawa vya manung'uniko, mwishoni vikawa havifanyiki. Na ukiziondoa zorota nyingine zilizouzunguka, hii moja itasikika.

Sasa nijibu na wewe. Tarehe ya mchapaji inasogezeka hata kwa siku mbili? Jedwali la lishe unalo lenye safu zote, kimo na uzito, au walikupa majumuisho tu? Neno walilotumia kwa mahudhurio katika ripoti ya asili ni lipi hasa? Nani atakayeipitia baada yako, ni yule mzee wetu wa kamusi au wamempa mtu mwingine? Na mguu wa shemeji, bandeji imeshatolewa? Nitumie sura ya tatu hata kama hujaimaliza, nianze nayo usiku huu.

Wako daima,
Mwenzio