Kistari kimeikata Kansas City katikati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa makala nzuri ya mapishi kuhusu nyama za Marekani zinazoivishwa polepole kwa moshi. Nimeishi Kansas City, Missouri, mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo niliisoma kwa hamu. Lakini kichwa chake kiliniumiza: "Mbavu za Kansas City-style". Kistari kifupi, kile kile tunachokatia neno mwishoni mwa mstari!

Kazi yangu ni kupanga kurasa katika duka la uchapaji, na nyingi ya kazi zetu ni menyu. Kwa Kiingereza, kistari kifupi hushika neno lililo jirani yake tu. "Chicago-style" haina shida, maana Chicago ni neno moja. Jina la mji likiwa na maneno mawili, kama New York au Kansas City, kistari hicho kinashika "City" na kuliacha "Kansas" likielea peke yake. Ndiyo maana wachapaji wana kistari kingine, kirefu kuliko hicho na kifupi kuliko kile cha kutenga maneno ndani ya sentensi, ambacho humwonyesha msomaji kwamba jina zima liko pamoja: Kansas City–style. Chicago Manual of Style, mwongozo wa uandishi na uchapaji uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1906, unakitumia hivyo. Najua magazeti yanayofuata mwongozo wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, hayakitumii. Lenu halifungwi na mwongozo huo.

Kwa mji huu hilo si suala la urembo. Kansas ni jimbo. Kansas City yetu iko Missouri, jimbo jingine, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Kansas, upo mji mwingine wenye jina hilo hilo. Ukilikata jina, msomaji wa Tanga au Bukoba anabaki na mbavu za jimbo la Kansas. Na upishi huu una wenyewe. Henry Perry, Mmarekani mweusi aliyetoka Tennessee, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 aliuza nyama ya moshi akiifunga kwenye karatasi za gazeti. Mchuzi wake ulikuwa wa pilipili kali. Huu mzito na mtamu wa nyanya na molasi ulikuja baadaye.

Mwaka jana tulichapa menyu 300 za mkahawa mmoja. Kwenye skrini nilikuza hadi asilimia 400, kila kitu sawa. Kumbe fonti ya kwenye mashine haikuwa na alama ile, karatasi zikatoka na kisanduku kitupu kati ya "City" na "style". Mwenye mkahawa, mzee aliyerithi jiko la baba yake, aliweka kidole chenye masizi juu ya kile kisanduku, akaniuliza kimefuata nini hapa kwenye jina la mji wake. Tulichapa zote upya.

Kwa Kiswahili taabu hii hatuna. Andikeni "mbavu za mtindo wa Kansas City", basi; "wa" inabeba jina zima hata likiwa na maneno matatu. Tunasema dagaa wa Kigoma na urojo wa Unguja, na tukitaka kutaja upishi badala ya mahali, ki- ipo. Mtori wa Kichaga naupika hapa hapa Missouri, na unabaki wa Kichaga.

Kistari tunakihitaji tunapounganisha miji miwili. Ukurasa ule ule uliandika "mapishi ya Dar es Salaam-Muscat". Hapo jicho linasoma Salaam na Muscat, "Dar es" inabaki nyuma. Wekeni kile cha urefu wa kati: Dar es Salaam–Muscat. Kwenye Windows, mpangaji wenu ashike Alt na kuandika 0150 kwenye vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia. Kwenye Mac, Option pamoja na kitufe cha kistari.

Makala yenyewe nimeichapa na kuibandika juu ya meza yangu dukani. Kichwa nimekisahihisha kwa kalamu. Naomba nanyi mkisahihishe katika toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Kansas City, Missouri