Malalamiko kuhusu bakuli "zinazooza" mlizotuuzia badala ya vyombo vya povu

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: BAKULI ZA SUPU NA VYOMBO VYA MAKAPI YA MIWA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Nina mgahawa mdogo Ilala, Dar es Salaam. Vyombo vyeupe vya povu nimeacha kuvitumia kwa hiari yangu, maana katazo la mwaka 2019 liligusa mifuko ya plastiki, si vyombo hivyo. Mvua zikinyesha naviona vikielea kwenye mitaro inayoelekea Msimbazi, vimemeguka punjepunje na haviokoteki tena. Isitoshe, vimetengenezwa kwa staireni, kemikali ambayo mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, nayo hupenya zaidi kwenye chakula cha moto chenye mafuta. Umoja wa Ulaya ulishavipiga marufuku tangu Julai 2021. Kwa hiyo afisa mauzo wenu alipokuja na mzigo wenye maandishi "rafiki wa mazingira, huoza kiasili", nilinunua kwa moyo mmoja, ingawa bei ilikuwa juu.

Lalamiko langu kubwa ni bakuli zile za kung'aa. Chini zimeandikwa PLA, yaani plastiki itokanayo na wanga wa mahindi. Plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na supu ya utumbo inatoka jikoni ikiwa na joto kuliko hilo. Bakuli zinajikunja, mifuniko inaachia, na mteja mmoja ameungua mkono akipokea mzigo kwa bodaboda. Nilipompigia afisa wenu alinijibu nisubiri supu ipoe. Mtu anayeagiza supu asubuhi anaitaka ya moto, na ninyi mlijua mnamuuzia nani.

Hayo maneno "huoza kiasili" nayo si ya kweli kwa mazingira yetu. PLA huoza vizuri kwenye mtambo maalumu wa mboji, wenye unyevu na joto la karibu nyuzi 58 kwa wiki nyingi. Taka za mgahawa wangu zinaishia dampo la Pugu. Huko, au baharini, bakuli lenu litakaa miaka kama plastiki nyingine yoyote. Nimewaambia wateja wangu kwa mdomo wangu kwamba vyombo hivi vinaoza. Nimewapa maneno yenu, na sasa inabidi niyafute mbele yao.

Vile vya makapi ya miwa, kwa haki kabisa, ni vizuri. Wali maharage unakaa, chipsi mayai hazilowani, joto havijali. Ila mafuta hayapenyi hata kidogo, na hilo linanitia shaka, maana baadhi ya vyombo vya aina hii duniani vilitiwa PFAS, kemikali za kuzuia mafuta ambazo hudumu mwilini na ardhini muda mrefu mno. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Februari 2024 kwamba PFAS za kuzuia mafuta kwenye vifungashio vya karatasi haziuzwi tena nchini humo. Nimeomba cheti cha maabara cha mzigo wangu mara kadhaa, sijajibiwa.

Naomba mrudishe fedha za bakuli zote zilizobaki dukani kwangu, mnipe cheti cha PFAS kwa maandishi, na muondoe "huoza kiasili" kwenye bakuli za PLA. Kama hamna chombo kinachohimili supu, mseme hivyo waziwazi. Wauza chipsi wa mtaa huu wamekuwa wakiniuliza kama wabadilishe nao. Kwa hali ilivyo siwezi kuwaambia ndiyo, na povu linaendelea kununuliwa kwa sababu hiyo.

Nasubiri majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, pamoja na bakuli zenyewe.

Wako katika biashara,
Mmiliki wa mgahawa, Ilala