Barua ya wazi kwa vijana wa kikundi chetu cha kahawa: Si kila kitambaacho ni mdudu

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, na ni heri niseme hivyo mapema msije mkadhani uzee umenichanganya. Wiki iliyopita, kahawa ikiwa imechanua, niliwaona mkipita shambani na pampu mgongoni, mkinyunyizia maua meupe saa nne asubuhi, saa ambayo nyuki wamejaa matawini. Jioni yake nilikwenda kuitazama mizinga yangu minne chini ya mfenesi. Nyuki walikuwa wamelala chali mlangoni, ndimi zimetoka nje, wengine wakizunguka mchangani kama walevi, na chavua ya kahawa ikiwa bado imeshikamana na miguu yao ya nyuma. Nilipowauliza mlikuwa mkiua nini, mmoja wenu alinijibu, "Mdudu, babu." Mdudu yupi? Kimya.

Neno hilo moja ndilo ugomvi wangu nanyi. Kiswahili chetu hakikatazi kuwaita buibui, jongoo, kupe na nyungunyungu wote wadudu, lakini waliotuachia neno hilo walitupa pia jina la kila mmoja. Nyinyi mmebakiwa na neno moja na dawa moja. Katika kila aina 100 za wanyama wanaojulikana duniani, zaidi ya 95 hawana uti wa mgongo, na wadudu wa kweli, wale wenye miguu sita, wamekwisha kutambuliwa aina zipatazo milioni 1. Buibui, nge na kupe wana miguu minane. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili, tandu ana jozi moja, naye tandu ndiye anayeuma. Nyungunyungu na ruba ni ndugu. Konokono ni jamaa wa pweza wa pwani. Haya mliyakariri shuleni, mkayajibu katika mtihani, na hakuna mwalimu aliyewatoa nje kuinua jiwe. Kosa hilo si lenu peke yenu, maana nami nilishika chaki miaka mingi.

Sasa turudi shambani. Matawi yenu yananyauka na kuwa meusi kuanzia nchani, nami nimeyaona. Anayefanya hivyo ni dundu mweusi asiyefika hata milimita 2, ambaye jike lake hutoboa tundu kama la sindano upande wa chini wa tawi, akaingia ndani, akapanda ukungu aliokuja nao, na kuwalisha watoto wake ukungu huo. Tangu 1993 anajulikana hapa Uganda. Muda wote mlipokuwa mkinyunyiza, yeye alikuwa amejifungia ndani ya mti, hana habari nanyi. Aliyekuwa nje, juu ya ua, ni nyuki. Na kahawa yetu ya robusta haiwezi kujitungisha yenyewe: ua linahitaji chavua ya mti mwingine, inayoletwa na upepo na nyuki. Kwa hiyo mmetumia fedha za kikundi kumwacha mwizi ndani ya nyumba na kumpiga mgeni aliyeleta chakula.

Kisha mkaenda kuosha pampu ziwani, humu Ziwa Viktoria. Hapo nilitaka kulia. Uduvi wale wadogo wanaopitisha mwanga, wanaochomoka kwenye majani ya ufukweni mkitia mguu majini, hawana miguu sita na hatuwaiti wadudu, lakini ni jamaa zao wa karibu: gamba lile lile lenye viungo, na mishipa ya fahamu inayoshambuliwa na sumu ile ile. Sangara wachanga wanawala hao uduvi. Sangara mnamjua, kwa sababu mnamuuza.

Sisemi kwamba wote ni marafiki. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa hili, na Busoga yetu iliumia sana. Lakini tazameni jinsi mbung'o, yule anayeeneza malale, anavyodhibitiwa leo huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu. Waliomchunguza waligundua kwamba hatagi mayai, bali huzaa mtoto mmoja mmoja, na kwamba anavutwa na rangi ya buluu. Basi wanasimamisha vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vyenye dawa kando ya mito, yeye anakuja mwenyewe. Kule Mlima Elgon, funza wa inzi anayeleta upofu wa mtoni walikuwa wakikua wakiwa wameng'ang'ania mwili wa kaa wa vijito vya msituni. Nani angemwona huyo, kama hakuna mtu aliyemshika kaa na kumgeuza?

Konokono wa kichocho na viwavijeshi wa mahindi tutawazungumza siku nyingine.

Ila lawama nyingine naipeleka kwa sisi wazee na kwa wenye maduka ya pembejeo. Mmeuziwa dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, haina jina, haina maelezo, na muuzaji hakuwauliza hata shamba lina ugonjwa gani. Bwana shamba hatujamwona tangu mvua za mwaka juzi. Katika hali hiyo kijana afanye nini, kama si kunyunyiza na kuomba Mungu? Nalijua hilo, na ndiyo maana sikuja kudai fidia ya mizinga.

Ninachodai ni Jumamosi yenu moja. Njooni kwangu baada ya sala ya alasiri, kila mmoja na kisu cha kukatia matawi, na anayeweza alete kiberiti. Lenzi ninayo. Tutakata tawi lililonyauka chini ya tundu, tulipasue kwa urefu, kila mmoja wenu amtazame dundu na watoto wake mle ndani, kisha tupite mti kwa mti, tukate na kuchoma siku hiyo hiyo. Pampu ziacheni nyumbani.

Babu yenu